Unga Usio na Mwenyewe

Mwaka 2015 shirika la GiveDirectly, linalogawia maskini pesa bila sharti lolote, lilitoka Siaya likaingia Homa Bay, kaunti za magharibi mwa Kenya. Siaya kazi ilikuwa imekwenda vizuri na waliokataa walikuwa wachache mno. Homa Bay, karibu nusu ya waliostahili kupewa walisema hapana. Na hizo hazikuwa pesa za soda. Zilikuwa takriban dola 1,000 kwa kila nyumba, zinaingia kwenye simu, hazirudishwi, na hakuna wa kuja kuuliza zimetumikaje. Watu wasio na akiba hata ya mwezi mmoja waliwashukuru wageni na kuwatakia safari njema.

Vijijini kulikuwa na maneno. Kwamba hizo ni pesa za shetani. Kwamba ni pesa za damu, na siku moja zitakuja kudai chao. Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kucheka habari kama hizi. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt, aliyekichunguza kisa hicho kwa makini, hakucheka, na alikuwa na sababu. Chini ya uvumi ule kuna swali ambalo dini na falsafa zimelizunguka kwa karne nyingi: mtu anaweza kupokea nini mkononi mwa mwenzake na bado akabaki mtu kamili?

Ugumu wa swali unaonekana ukitazama upande wa pili. Katika kaunti hiyo hiyo, akina mama wa Dorkasi wa kanisa la Waadventista wakibisha hodi wakiwa na mahindi ya gorogoro mbili, lile kopo la kupimia nafaka, na kipande cha sabuni, mlango hufunguliwa. Hakuna anayeuliza kama mahindi yale yametoka kuzimu.

Njaa ya Homa Bay na kaunti jirani ya Migori ina kalenda yake. Kila mwaka, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, serikali hufunga uvuvi wa omena ili samaki hao wapate kuzaana. Miezi hiyo hiyo mahindi yaliyopandwa Februari na Machi yangali mabichi shambani, na yale ya mwaka uliopita yamekwisha. Mashua zinalala ufuoni Mbita na Muhuru Bay wakati uleule ambao magunia yamekunjwa na kuwekwa darini. Ongeza mafuriko. Mto Kuja, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Kisii, humwaga maji yake Nyatike mara kwa mara msimu wa masika. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kufikia kimo ambacho halikuwahi kupimwa tangu vipimo vianze, na masika ya 2024 yakawatoa watu tena majumbani mwao kandokando ya ziwa. Ongeza pia ugonjwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi vya UKIMWI, na Migori asilimia 13, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 4.9. Katika nyumba nyingi nyanya ndiye anayelea wajukuu, na dawa za kila siku zinamezwa kabla haijajulikana kama jioni kutapikwa.

Kwa hiyo kuomba chakula si jambo la ajabu hapa, wala si jambo jipya. Zamani, ufuo ukikauka, wanawake wa Kiluo walipanda kwa Wagusii wakiwa na samaki, chumvi na vyungu, wakateremka na wimbi. Safari hiyo ya kutafuta nafaka kwa jirani iliitwa kisuma, na wengi husimulia kwamba jina la mji wa Kisumu lilitokana nayo. Aliyekuwa na kitu alipanda na kitu. Nyumbani nako kulikuwa na duol, kibanda cha mwenye boma, ambako wanaume na wavulana walikula pamoja vyakula vilivyotoka kwa kila mke. Sahani zikishakutana katikati, ni vigumu kujua chungu cha nani hakikuwekwa mekoni siku hiyo. Mwenye njaa alikula bila kutangazwa.

Hapa mtu anaweza kuteleza na kuanza kuimba sifa za Afrika ya kale, ambako eti kila kitu kilikuwa cha wote. Mzee Paul Mbuya Akoko, aliyewahi kuwa Ker, yaani kiongozi, wa Muungano wa Waluo, hakukubali wimbo huo. Aliulizwa na mwanafalsafa Henry Odera Oruka, na majibu yake yamo katika kitabu cha Sage Philosophy cha mwaka 1990. Kwa maelezo ya Mbuya, Waluo hawakuwa wakigawana mali ovyo kwa ukarimu tu. Mwenye ng'ombe wa ziada alihesabiwa kuwa anadaiwa ile ziada na asiye nayo. Asiyekuwa na ziada hakudaiwa kitu na yeyote.

Hilo linahitaji kusomwa mara mbili. Mbuya hasemi kwamba tajiri alipaswa kuwa na huruma. Anasema alikuwa na deni. Na deni lina sifa ambayo huruma haina: anayelipwa haoni haya. Aliyekwenda kwa jirani akapewa ng'ombe wa kukamua hakurudi nyumbani akiwa ombaomba. Ng'ombe alibaki wa mwenyewe, maziwa yakawa ya watoto wa mlezi, na kati ya nyumba mbili kukawa na kamba isiyokatika kirahisi. Siku moja kamba hiyo ingevutwa kutoka upande wa pili, kwa shida nyingine, pengine na kizazi kingine.

Mmarekani Parker Shipton alitumia miaka kuchunguza kamba hizo katika Nyanza Kusini, hasa Kanyamkago iliyo Migori ya leo. Kitabu chake cha mwaka 2007, The Nature of Entrustment, kinaonyesha maisha ya kijiji yakiwa yamesukwa kwa vitu vilivyoaminishwa: mifugo, ardhi, watoto wa kulelewa, kazi za shambani, hata yale ambayo walio hai wanadaiwa na waliokufa. Kabla ya hapo, mwaka 1989, alikuwa ameandika juu ya kile ambacho wenyeji huita pesa makech, yaani pesa chungu. Hizo ni pesa za kuuza ardhi ya mababu, za dhahabu, za tumbaku, za bangi. Mtu akizitumia kulipa mahari, ng'ombe wale watakufa, au bibi arusi, au ukoo mzima utaingia mashakani, isipokuwa pesa zisafishwe kwanza. Pesa, kwa fikra hizi, hukumbuka zilikotoka.

Ukishaelewa hayo, kukataa kwa mwaka 2015 kunaacha kuwa ujinga. Huyu mtoaji ni nani? Ana deni gani nasi? Tutamfikia wapi siku yake ya shida? Majibu ya shirika yalikuwa ya kweli na ya nia njema: hamtujui, hatuwadai, hatutarudi. Kwa sikio la mtu wa Rachuonyo, huko Homa Bay, hayo ndiyo maelezo kamili ya pesa chungu. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba hakuna zawadi ya bure kabisa duniani. Wazee wa Kanyamkago wangemwambia kwamba hilo walilijua bila kwenda Paris.

Lakini Wakristo wa pande hizi wanakabiliwa na fumbo ambalo Mauss hakuwa nalo. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, pale Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa Malawi walipoweka misheni yao ya kwanza. Wakatoliki wana dayosisi yao ya Homa Bay tangu 1993, inayozijumuisha kaunti zote mbili. Karibu kila Jumamosi na Jumapili, kwa zaidi ya miaka mia moja, watu wamefundishwa juu ya neema, kipawa ambacho mwanadamu hawezi kukilipa na hatakiwi kujaribu. Inakuwaje mtu aipokee mbingu bure kisha aikimbie M-Pesa ya bure?

Jibu jepesi ni kwamba mahubiri hayajaingia. Jibu hilo halitoshi. Hata neema ina mwenyewe. Ina jina, ina hadithi, ina watu wanaokutana kila wiki kulitaja hilo jina, na aliyeipokea anaingia katika ushirika ambamo atatakiwa kuosha miguu ya wengine. Pesa zilizokataliwa hazikuwa na lolote kati ya hayo. Akina mama wa Dorkasi wanayo yote. Wanajulikana ni wake za nani na wanatoka kijiji gani. Huimba wimbo mmoja, huomba, huuliza habari za mguu unaouma. Mwenye nyumba anajua kwamba gorogoro ile ilichangwa na watu ambao wengine wao nusu mwaka uliopita walichangiwa na yeye. Kikapu kilicholetwa na kitu, katika nyumba nyingi za Nyanza, hakirudishwi kitupu. Kitarudi na mayai mawili, au na mboga za osuga, au na ahadi ya kupalilia siku moja.

Waislamu wa Kendu Bay na Migori mjini wanayo njia yao, na pengine ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Kabla ya swala ya Idi baada ya Ramadhani, kila nyumba hutoa zakatul-fitri: pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, takriban kilo mbili na nusu. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea Afrika Mashariki, wajibu huo haumwangukii tajiri peke yake. Humwangukia yeyote aliye na chakula kinachozidi cha siku ile na usiku wake. Maskini aliyeletewa pishi tatu usiku wa kuamkia Idi anaweza kujikuta naye amewiwa kutoa. Sheria imemkataza asibaki mpokeaji tu.

Kuna msaada ambao ungeonekana kutimiza masharti yote haya na bado ni sumu. Kwenye fuo za ziwa mwanamke mchuuzi anayetaka samaki mara nyingi hulazimika kuwa na mvuvi wake, jaboya, anayemhifadhia samaki wa mashua yake naye akamlipa kwa mwili. Mtoaji ana jina. Kuna kurudishiana. Kuna hata uaminifu wa namna fulani. Watafiti wa UKIMWI wameutaja mtindo huu miaka mingi miongoni mwa mambo yanayosambaza virusi ufuoni. Basi kurudisha peke yake hakumlindi mtu. Aliyebanwa na njaa atarudisha chochote atakachoulizwa, na anayeuliza anajua hivyo.

Ndipo Odera Oruka anahitajika tena, safari hii kama mwanafalsafa mwenyewe badala ya mwulizaji. Oruka, mzaliwa wa Siaya mwaka 1944 na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, aliandika mwaka 1989 makala juu ya falsafa ya misaada ya kigeni. Hoja yake ilikuwa kali. Kila mwanadamu ana haki ya kiwango cha chini cha utu: usalama wa mwili, afya na riziki. Asiye na hivyo vitatu hawezi kuitumia haki nyingine yoyote, kwa hiyo haki hii inazitangulia zote, hata haki ya mwenye mali kukumbatia mali yake. Ambaye ana zaidi ya kutosha hafanyi hisani anapotoa. Anaacha kuzuia kilicho cha mwingine.

Mbuya na Oruka hawasemi jambo moja, ingawa mmoja alikuwa akimsikiliza mwenzake. Deni la Mbuya linapita kati ya watu wanaojuana, na nguvu yake iko katika kujuana huko. Haki ya Oruka haijali kujuana; inamfuata mgeni, mkimbizi wa mafuriko, mtu asiye na ukoo. Na kuna wasio na cha kurudisha kabisa. Nyanya wa miaka 80 asiyeona hawezi kuahidi kupalilia. Mtoto yatima hana kikapu. Ukijenga ghala la kanisa juu ya kurudishiana peke yake, hao ndio watakaosahaulika kwanza, tena kimyakimya, kwa sababu hakuna kamba inayovutwa. Ukijenga juu ya haki peke yake, utapata foleni, fomu na kitambulisho, na mtu aliyeshiba lakini hana wa kumwita.

Serikali imejaribu njia ya Oruka bila kumtaja. Mpango wa pesa kwa nyumba zinazolea yatima ulifanyiwa tathmini kubwa kati ya 2007 na 2009, na Homa Bay, Migori na Suba zilikuwa miongoni mwa wilaya saba zilizochunguzwa. Leo chini ya Inua Jamii wazee waliofikisha miaka 70 wana haki ya kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo huchelewa, na hazitoshi. Lakini ni nadra kusikia mzee amezikataa akisema ni za shetani. Zina mwenyewe. Ni pesa za wazee, wao ni wazee, na kodi ya sukari na ya sabuni wameilipa tangu wakiwa vijana.

Kanisa la kwanza kabisa lilikutana na shida hii mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume, wajane waliozungumza Kigiriki walikuwa wakirukwa katika mgao wa chakula wa kila siku, na watu wao wakalalamika. Mitume hawakuwahubiria subira. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia meza, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Yaelekea upande uliokuwa ukilalamika ndio uliokabidhiwa upawa. Ni ajabu kwamba makanisa mengi yanayoisoma sura hiyo wakati wa kuwaweka wakfu mashemasi bado yana kamati za misaada ambazo hakuna hata mmoja wa wanakamati aliyewahi kulala njaa.

Na maneno ya Paulo kwa Wathesalonike juu ya asiyetaka kufanya kazi yanatumiwa vibaya mno. Paulo aliwalenga wanaokataa kazi. Hakumlenga mvuvi ambaye serikali imemfungia ziwa kwa miezi minne.

Kinachoudhi zaidi ni kamera. Aprili 2020, katika siku za mwanzo za korona, watu walikanyagana Kibera, Nairobi, wakigombea chakula cha msaada kilichogawiwa hadharani, na wengi wakaumia. Nyanza nayo inajua vizuri mfuko wa unga wenye sura ya mwanasiasa, na mama aliyesimamishwa kando yake atabasamu. Mkono unaotoa huambiwa katika Injili ya Mathayo usijulishane na mwenziwe; siku hizi mikono yote miwili imeshika simu. Picha ile ni malipo. Mama analipa kwa uso wake, na uso huo utazunguka mitandaoni muda mrefu baada ya unga kuisha. Tofauti yake na ujaboya ni ya kiasi tu.

Kuna jambo jingine ambalo Waluo wenyewe husemana kwa uchungu nusu na utani nusu. Mtu anaweza kukosa unga wa wiki moja akiwa hai, na akifa apatiwe fahali, hema, jenereta na sufuria za wali za kulisha mamia. Matanga yana kamati, daftari na mweka hazina. Uwezo wa kuchanga, kwa hiyo, upo. Kilichokosekana ni kamati ya mwezi wa Mei.

Wapo waliojaribu kupita katikati ya deni na haki. Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeandika Misri katika karne ya 12, alizipanga sadaka kwa daraja nane, na ya juu kabisa aliiweka ile inayompa mtu mkopo, ushirika au kazi hata asihitaji kuomba tena. Mradi wa Shamba Maisha, uliofanyika Kisumu, Homa Bay na Migori kwa watu 720 wanaoishi na virusi, ulifanya kitu cha namna hiyo: mkopo wa kununua pampu ya kumwagilia, pamoja na mafunzo ya kilimo na ya fedha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti katika kudhibiti virusi, kwani wengi katika makundi yote mawili, lililopewa mkopo na lisilopewa, walikuwa tayari wanatumia dawa vizuri. Lakini njaa ilipungua, huzuni ikapungua, na watu wakajiamini zaidi. Hayo mawili ya mwisho hayaletwi na sukuma wiki peke yake.

Na Lwala, huko Kamagambo Kaskazini karibu na Rongo, wanakijiji waliwahi kuuza kuku na ng'ombe wakapata dola 900 za tiketi ya ndege ya Milton Ochieng', kijana wao aliyekuwa amepata nafasi katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Mwaka 2007 yeye na ndugu yake Fred walifungua zahanati pale pale kijijini. Mhasibu angeshindwa kusema kama wale kuku walikuwa zawadi au mkopo. Watu wa Lwala hawakuwa na haja ya kuamua.

Basi jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, Dorkasi na misikiti ya kaunti hizi mbili wanaweza kufanya jambo la kawaida kabisa. Waanze kukusanya nafaka mwezi wa Agosti, wakati mahindi ya masika yamevunwa na gorogoro imeshuka bei, wayakaushe vizuri yasishike sumukuvu na kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa. Walifungue ghala mwanzoni mwa Aprili, siku mashua za omena zinapopandishwa ufuoni, wasingoje Juni watoto waanze kukosa shule. Kwenye kamati wawaweke watu waliopokea mwaka uliotangulia. Asiye na cha kurudisha apewe bila kuulizwa. Majina yasisomwe kwenye matangazo ya ibada, na simu zikae mifukoni. Na makusanyo yafanyike kabla madalali wa mahindi hawajafika na malori yao.